UZI: Treni tatu za Giosuè Carducci, mshairi na mhakiki wa Italia

mtoto_wa_stesheni

Wanajukwaa, salaam.

Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi, leo nalitua. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, Morogoro. Kazi yake ya usiku ilikuwa kupita kando ya treni iliyosimama, taa mkono mmoja, nyundo ya mpini mrefu mkono wa pili, akigonga magurudumu moja baada ya jingine na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Nililala na sauti ile kila usiku mpaka nilipotoka nyumbani.

Baadaye nilikwenda kusoma Bologna, kaskazini mwa Italia. Siku moja darasa la lugha mwalimu akatusomea shairi kuhusu stesheni ya treni asubuhi ya mvua. Ndani yake watu wa reli wamejifunika kofia za makoti, weusi kama vivuli, taa hafifu mikononi. Wanagonga breki kwa nyundo, na chuma kinajibu kwa mlio mrefu wa msiba. Nilishika kichwa. Nikajiambia, mtu huyu alimsikia baba yangu.

Mtu huyo ni Giosuè Carducci. Alizaliwa tarehe 27 Julai 1835, kijiji cha Valdicastello, Toscana. Alifundisha fasihi ya Kiitalia Chuo Kikuu cha Bologna tangu 1860 hadi 1904. Mwaka 1906 akawa Mwitalia wa kwanza kupata Nobel ya fasihi. Alikuwa mgonjwa, hawezi safari, hivyo balozi wa Sweden akampelekea habari na heshima hiyo nyumbani kwake Bologna. Miezi miwili tu ikapita, akafariki, 16 Februari 1907.

Italia kila mtoto wa shule ameimbishwa mistari yake. Huku kwetu sijawahi kukuta mtu akimzungumzia. Nataka tumsome kwa njia ninayoiamini mimi, yaani kupitia treni tatu. Ya kwanza aliishangilia. Ya pili aliichukia. Ya tatu alikuwa amepanda yeye mwenyewe, na ndani yake alilia.

Nitaandika kwa mafungu. Mnaweza kuingia katikati.

mtoto_wa_stesheni

TRENI YA KWANZA, 1863.

Carducci ana miaka 28. Kwa ajili ya karamu ya marafiki anaandika wimbo wa kunyanyua glasi, beti 50 za mistari mifupi mifupi. Anauita "Inno a Satana", Utenzi kwa Shetani.

Najua jina hilo linashtua, lakini shikeni hali ya wakati ule kwanza. Italia ilikuwa imeungana miaka miwili tu kabla, 1861, na Roma bado haimo. Roma ilikuwa ya Papa, siyo kiroho tu. Ilikuwa na jeshi lake, polisi wake na magereza yake. Papa Gregorio wa 16, aliyefariki 1846, alikataa reli isijengwe katika nchi zake. Mwezi Desemba 1864 Papa Pio wa 9 akatoa orodha ya makosa ya zama mpya, na mwisho wa orodha hiyo akakana kwamba Papa anaweza kupatana na maendeleo na ustaarabu wa kisasa.

Kwa hiyo kijana akachukua jina ambalo wenye mamlaka walilitumia kumtukania kila mwenye kufikiri, akaligeuza bendera. Shetani wa shairi lile ni akili inayouliza na mwili unaofurahi. Ni mtawa aliyetupa joho, ni Luther, ni Savonarola, watawa walioasi mamlaka ya Papa. Mwishoni anatokea zimwi:

*Un bello e orribile / mostro si sferra, / corre gli oceani, / corre la terra.*

"Zimwi zuri la kutisha linafunguka minyororo, linapita bahari, linapita nchi kavu." Ndiyo injini ya mvuke hiyo. Inatema moshi kama volkano, inavuka milima, inapotea ndani ya mapango na kuibuka upande wa pili. Treni ndiyo Shetani wake, na anaipigia makofi.

Lilichapwa 1865 kwa jina la bandia, Enotrio Romano. Likachapwa tena kwenye gazeti la Bologna tarehe 8 Desemba 1869, siku ileile Papa alipofungua Mtaguso wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu. Siku hiyo ilichaguliwa kwa makusudi, na mji mzima ukavuma.

mdadisi77

Mkuu nimesoma kwa makini, ila nikuulize waziwazi. Mimi ni Mkristo. Huyu mtu alikuwa anamwabudu shetani au hapana? Maana hapa tusije tukawa tunapamba kitu kibaya kwa sababu kimeandikwa Ulaya.

mtoto_wa_stesheni

Ndugu mdadisi, ni haki yako kuuliza. Hapana, hakuna ibada ya namna hiyo kwake. Alikuwa adui wa utawala wa mapadri, na alikuwa Mfreemason, hilo halikuwa siri. Baadaye yeye mwenyewe aliliona shairi lile kuwa kazi duni. Alisema ukitoa beti tano au sita, hajawahi kutoa mikononi mwake kitu cha ovyo namna ile. Mimi pia nalihesabu kuwa la chini kati ya haya matatu. Lina kelele za kijana aliyesimama juu ya meza. Na uzeeni, 1897, aliandika shairi juu ya kanisa dogo la kale la Polenta, linalofungwa kwa kengele ya jioni na Salamu Maria. Lisome hilo halafu tuzungumze, utamwona mtu mwingine.

mwalimu_mstaafu

Nimefurahi kuona uzi wa namna hii. Mleta uzi, kichwa chako kinasema "mshairi na mhakiki". Mpaka sasa naona mshairi tu. Uhakiki wake uko wapi?

mtoto_wa_stesheni

Shikamoo mwalimu. Nilikuwa naogopa kuwachosha watu, ila umeniruhusu.

Uhakiki kwake ulianza kwa njaa. Novemba 1857 mdogo wake, jina lake Dante, alikufa kifo cha kutisha akiwa kijana. Mwezi wa nane 1858 baba yake, daktari wa vijijini, naye akafariki. Carducci ana miaka 23, kazi ya ualimu imekatika, mama na mdogo wake mwingine wanamtegemea. Akahamia Firenze. Mchapishaji Gaspero Barbèra akampa kazi ya kuhariri vitabu vidogo vya kutia mfukoni, washairi wa kale wa Italia, kazi ya kulinganisha maandiko na kuandika utangulizi. Mwaka 1859, bado maskini, akamwoa Elvira Menicucci.

Kwa kulipwa kidogo kidogo hivyo, kijana yule akasoma fasihi ya nchi yake kwa ncha ya kalamu, neno kwa neno. Ndipo mwaka 1860 waziri wa elimu Terenzio Mamiani akamteua profesa Bologna, ana miaka 25. Mwaka 1863 akatoa toleo la mashairi ya Kiitalia ya Poliziano, mshairi wa Firenze wa karne ya 15. Akatoa mihadhara kuhusu ukuaji wa fasihi ya taifa tangu mwanzo wake. Mwaka 1899, pamoja na mwanafunzi wake Severino Ferrari, akatoa mashairi ya Petrarca, mshairi wa karne ya 14, yenye ufafanuzi ambao wasomi wa Italia wanaurejea hadi leo.

Mhakiki mwenzake mkubwa wa zama zile alikuwa Francesco De Sanctis wa Napoli. De Sanctis alipanda juu mlimani akaangalia bonde zima. Carducci alishuka bondeni akapekua udongo kwa vidole: hati ipi ni ya kale, neno gani limebadilishwa na mnakili, mshairi aliusoma ubeti huu kwa nani kabla ya kuuandika. De Sanctis husomeka kwa raha zaidi, sikatai. Lakini ukitaka kufundishwa kusoma mstari mmoja mpaka uutoe jasho, nenda kwa Carducci. Kamati ya Nobel nayo iliutaja usomi wake na utafiti wake wa kihakiki kabla haijafika kwenye mashairi.

Mshairi Giovanni Pascoli alikuwa mwanafunzi wake, na ndiye aliyekirithi kiti chake.

mwalimu_mstaafu

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Miaka 44 kiti kimoja! Endelea na treni yako ya pili.

mtoto_wa_stesheni

TRENI YA PILI, 1875 hadi 1876.

Kabla ya treni lazima tupite kaburini, maana asiyejua kaburi hili hataelewa kwa nini mshairi alibadilika.

Mwaka 1870 ulimpiga mara mbili. Februari alifiwa na mama. Novemba mwanawe wa kiume, naye aliitwa Dante kwa kumbukumbu ya yule mdogo wake, akafa akiwa na miaka mitatu. Mwezi wa sita mwaka uliofuata mkomamanga wa bustanini kwake ukatoa maua. Akaandika mistari 16, "Pianto antico", Kilio cha Kale. Nanukuu ubeti wa kwanza na wa mwisho:

*L'albero a cui tendevi
la pargoletta mano,
il verde melograno
da' bei vermigli fior...*

*...sei ne la terra fredda,
sei ne la terra negra;
né il sol più ti rallegra
né ti risveglia amor.*

"Mti ule uliounyoshea mkono wako mchanga, mkomamanga wa kijani wenye maua mazuri mekundu..." Kati hapo anasema bustani kimya imechanua upya, Juni inaipa mwanga na joto. Kisha anamgeukia mtoto: wewe ulikuwa ua la mwisho la mti wangu uliopigwa ukakauka. "Uko katika udongo wa baridi, uko katika udongo mweusi, jua halikufurahishi tena, wala pendo halikuamshi."

Hakuna neno gumu ndani yake. Profesa aliyejua Kigiriki na Kilatini chote, siku ya kumlilia mwanawe alichukua maneno ambayo mtoto yule angeyaelewa.

Sasa treni. Mwaka 1871 alianza kuandikiana na Carolina Cristofori Piva, mke wa ofisa wa jeshi, mwanamke msomi aliyempenda hata kufa. Katika mashairi humwita Lina, au Lidia kwa desturi ya Warumi. Naye Carducci alikuwa na mke na watoto. Simtetei. Walionana kwa kuibiana siku, na siku ikiisha mmoja alipanda treni.

Shairi linaitwa "Alla stazione in una mattina d'autunno", Stesheni, asubuhi ya vuli. Taa zinafuatana kwa uvivu nyuma ya miti inayodondosha mvua, zinapiga miayo ya mwanga juu ya matope. Lidia anatoa tiketi, mkaguzi anaikata, na pamoja na ile tiketi, anasema mshairi, unatoa miaka mizuri na nyakati za furaha. Wanapita watu wa nyundo. Milango ya mabehewa inafungwa kwa kishindo, na kila kishindo ni kama tusi. Halafu:

*Già il mostro, conscio di sua metallica / anima, sbuffa, crolla, ansa...*

"Tayari zimwi, linalojua lina roho ya chuma, linakoroma, linatikisika, linahema."

Neno ni lilelile, *mostro*, zimwi. Miaka 12 nyuma lilikuwa zimwi zuri lililokuja kuwafungua watu. Sasa lina macho ya moto, linamchukua mpenzi gizani, na mwanamume amebaki peke yake kwenye ukungu akiona ni kama kila mahali ulimwenguni ni Novemba. Mwisho anatamani kulala ndani ya uchovu usiokwisha.

Mimi hulisoma shairi hili kila mwaka mvua za kwanza zikianza. Huwa nasimama pale penye nyundo.

BintiBarawa

Nimetokwa machozi kwenye komamanga, sitaki kuficha. Kwetu bibi alikuwa na mkomamanga uani, na alipofiwa na binti yake hakuukata wala kula tunda lake tena.

Lakini nina swali zito kaka yangu. Asili yetu ni Barawa, pwani ya Somalia. Mwaka 1892 Italia ilikodishwa bandari za Banadiri na Sultani wa Zanzibar, na 1905 ikazinunua kabisa, watu na nyumba zao, kama shamba. Huyu bwana alikuwa hai miaka yote hiyo, na alikuwa seneta. Alisema nini?

mtoto_wa_stesheni

Dada, swali hili nimelibeba mwenyewe, nalijibu bila kupaka mafuta.

Januari 1887 jeshi la Ras Alula, jemadari wa Wahabeshi, liliangamiza kikosi cha Waitalia kama 500 huko Dogali, karibu na Massawa. Italia ilivaa msiba, mitaa na viwanja vikapewa jina la wafu wale. Carducci akaombwa atunge. Akakataa. Sababu aliyoitoa ni kwamba Wahabeshi wana haki ya kuwafukuza Waitalia kama Waitalia walivyokuwa na haki ya kuwafukuza Waaustria waliowatawala. Kusema hivyo mwaka ule, nchi ikiwa inalia, kulitaka moyo.

Baada ya hapo sina la kujivunia. Alikuwa mfuasi mkubwa wa Francesco Crispi, waziri mkuu aliyesukuma vita vya Afrika mpaka jeshi lake likavunjwa Adwa, Ethiopia, 1 Machi 1896, na Carducci hakumwacha. Wa Banadiri hakuwaandikia neno la utetezi. Mtu aliyeijua haki ya Wahabeshi mwaka 1887 alikuwa na akili ya kutosha kuiona miaka tisa baadaye.

Kulikuwa na mgeuko mwingine pia, na Waitalia wengi waliudaka kuliko huu. Ujanani alikuwa mwanajamhuri mkali. Mwaka 1868 serikali ilimsimamisha kufundisha kwa miezi kadhaa kwa siasa zake. Novemba 1878 mfalme na Malkia Margherita wakazuru Bologna, na Carducci akamtungia malkia shairi. Marafiki wa zamani wakamwita msaliti, na mwaka 1891 wanafunzi walimzomea darasani. Malkia hakumsahau. Mwaka 1902 alinunua maktaba yake yote, baadaye na nyumba, akaipa Bologna. Nyumba hiyo ni makumbusho leo, vitabu vipo rafuni kama alivyoviacha.

BintiBarawa

Ahsante kwa kunijibu kweli. Nitaendelea kumsoma, ila na hilo nitaliweka kando ya kitabu.

kinubi_cha_bara

Wakuu, mimi ni mtunzi, natunga kwa vina na mizani, sijawahi kuacha. Hilo "Pianto antico" limenikamata. Naona lina vina kweli, si ya kisasa yale. Nimejaribu kuligeuza, mizani nane kila mshororo:

*Mti ulioushika
kwa kiganja cha utoto,
maua mekundu moto,
leo umeshachipuka.*

*Uani, kimya na pweke,
majani yamerejea,
Juni imeuletea
mwanga na joto uwake.*

*Ua la mti mkavu,
mti uliopigika,
ua la mwisho kufika
la uhai mpotevu,*

*Umo katika baridi,
udongo mweusi, ndani;
jua halikupi shani,
wala pendo halirudi.*

Nikosoeni.

mtoto_wa_stesheni

Malenga, umenitoa jasho. "Kiganja cha utoto" nitakiiba. Ubeti wa tatu uko imara kabisa. Ila mshororo wa mwisho umepoteza kitu. Yeye hasemi pendo halirudi. Pendo lipo, la baba na mama, limesimama juu ya kaburi linaita. Linashindwa *kuamsha*. Hapo ndipo kisu kilipo.

Na kwa vile umetaja vina, kuna jambo litakalokushangaza. Mtu huyu mwenye vina vitamu hivi ndiye aliyevitupa. Mwaka 1877 alitoa "Odi barbare", mashairi yasiyo na vina, na lile la stesheni limo humo. Katika utangulizi wake wa kishairi anasema anauchukia ushairi uliozoeleka, unaojilegeza kwa kila mtu na kulala.

kinubi_cha_bara

Kwa hiyo alikuwa wa shairi huria? Hapo sasa tutagombana.

mtoto_wa_stesheni

Usichomoe panga malenga! Alikuwa mbali na uhuria. Alijifunga kwa kamba ngumu kuliko ya kina.

Washairi wa Kigiriki na Kilatini walipima mstari kwa urefu wa silabi, ndefu na fupi. Kiitalia hakina silabi ndefu na fupi za namna ile, kina mkazo. Carducci akatafuta mistari ya Kiitalia ambayo mikazo yake, ukiisoma kwa sauti, inakaribia jinsi Mwitalia anavyousoma mstari wa Horatius, mshairi wa Kirumi. Akaita ode hizo "za kishenzi", akieleza kwamba Mgiriki au Mrumi angezisikia hivyo, na Waitalia wengi pia.

Lile la stesheni liko katika ubeti wa Alkaio, mshairi wa kale wa Kigiriki. Sikiliza mistari miwili ya kwanza:

*Oh quei fanali come s'inseguono
accidïosi là dietro gli alberi,*

Angalia maneno ya mwisho, *s'inséguono*, *álberi*. Mkazo uko silabi ya tatu kutoka mwisho. Lazima iwe hivyo katika mistari hiyo miwili, halafu wa tatu uwe na mizani tisa, wa nne kumi. Kila ubeti, bila kukosa. Hana kina, lakini kila mguu umepimiwa kiatu.

Sasa jaribu kwa Kiswahili. Nimejaribu mimi usiku kadhaa nikashindwa, na sababu niliiona polepole. Mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu maneno yote. Nina "lazima", ambayo watu husema *lázima*, na vineno vichache vya namna hiyo. Siwezi kujenga ubeti mzima kwa "lazima".

kinubi_cha_bara

Nimekaa kimya nusu saa nikihesabu vidole. Kweli kabisa. Kwetu mwisho wa mshororo siku zote unatua palepale, ndiyo maana kina kinakaa vizuri, kimetengenezewa kiti. Kwao mwisho unaweza kutua pawili au patatu, ndiyo maana waliweza kuliacha sikio lishike mkazo peke yake. Basi sigombani naye. Alikuwa anafanya kazi na chuma cha kwao.

mtoto_wa_stesheni

Na huyohuyo, kitabu chake cha 1887, "Rime nuove", kinafunguliwa kwa shairi la kuisifu rima, yaani kina, akikiita malkia. Hakuwahi kukichukia. Alijua nyimbo zipi zinakitaka.

TRENI YA TATU, iliyoanza kuandikwa 1874 na kukamilika 1886. Jina, "Davanti San Guido", Mbele ya San Guido.

Akiwa na miaka mitatu familia yao ilihamia Bolgheri, katika Maremma, nchi tambarare ya pwani yenye malaria, ng'ombe wenye pembe ndefu na farasi. Baba alikuwa daktari wa kule. Mtoto alifuga bundi, kipanga na mbwamwitu mdogo. Baba mkali akamuua kipanga na kumgawa mbwamwitu, na mwana hakusahau maisha yake yote. Aliondoka huko 1849, ana miaka 13.

Sasa ni mtu mzima, profesa, jina kubwa, anapita na treni. Dirishani anaiona misaiprasi, ile miti tunayoipanda ua kule Lushoto na Njombe, imesimama safu mbili kutoka kanisa dogo la San Guido hadi Bolgheri, karibu kilomita 5. Miti inamtambua. Inamkimbilia kama majitu vijana, inainamisha vichwa na kumuuliza: mbona hushuki? Jioni ni baridi nzuri na njia unaijua. Hatukukasirikia mawe uliyoturushia, hayakuuma.

Anajitetea. Mimi si yule mtoto tena, najua Kigiriki na Kilatini, naandika na kuandika. Nina binti mdogo nyumbani, Titti, hana manyoya ya kujivika kama shomoro. Miti inamwonea huruma. Halafu kutoka makaburini juu ya kilima anamwona bibi yake, Nonna Lucia, mrefu, amevaa nyeusi. Na yeye, mtu mwenye vitabu vyote vile, anamwomba jambo moja: bibi, nisimulie tena ile hadithi, ya yule anayemtafuta mpenzi wake aliyepotea.

*Sette paia di scarpe ho consumate
di tutto ferro per te ritrovare...*

Jozi saba za viatu vya chuma nimezimaliza nikikutafuta. Fimbo saba za chuma zimelika kwa kuziegemea njiani. Chupa saba nimezijaza machozi, miaka saba mirefu. Nawe umelala, nakuita hunisikii, jogoo anawika na hutaki kuamka.

Anasema: bibi, hadithi hii ni nzuri na ni ya kweli hata sasa. Nilichokitafuta asubuhi na jioni miaka mingi bure, labda kiko hapa, chini ya miti hii ambayo sitarajii tena kupumzika kivulini mwake. Labda kiko makaburini kwako.

Treni haisimami. Injini inahema na kukimbia naye analia moyoni. Kundi la watoto wa farasi linakimbia kando ya reli likilia kwa furaha. Na mwisho wa shairi yupo punda mmoja wa kijivu, anatafuna mbaruti mwekundu na wa bluu. Kelele zote zile hakuzipa hata jicho moja. Akaendelea kula, taratibu, kwa makini.

Kijiji kikubwa cha jirani alikokulia, Castagneto, kilibadilishwa jina mwaka aliokufa. Kinaitwa Castagneto Carducci. Misaiprasi bado ipo. Nilikwenda mara moja, nikashuka pale chini San Guido nikapanda kwa miguu mpaka juu, kwa sababu yeye hakushuka.

mdadisi77

Mkuu nilikuja na ubishi. Hadithi ya bibi imeninyamazisha. Bibi yangu alikuwa na yake ya aina hiyo, mke anayemfuata mumewe mpaka viatu vinakwisha. Nitampigia mama simu leo nimuulize inaishaje.

mwalimu_mstaafu

Mleta uzi, baba bado yuko?

mtoto_wa_stesheni

Hapana mwalimu. Alitangulia kabla sijarudi. Nyundo yake ipo kwa kaka yangu, mpini umebadilishwa.

BintiBarawa

Mungu amrehemu.

kinubi_cha_bara

Poleni sana ndugu yetu. Sikulala bila kulirudia lile neno ulilolidai. "Kuamsha" limekataa kukaa katika mizani nane pamoja na kina, nimelisukuma kila upande. Nimeingia kwa mlango mwingine. Ubeti wa mwisho usome hivi:

*Baridini, na hujui,
udongo mweusi, ndani;
jua halikupi shani,
pendo halikuzindui.*